Kauli ya Njaa

Kizibo cha mama kilifunga kabla hajamaliza nusu ya kiazi. Nilikisikia kwa kiganja, maana nilikuwa nimemwekea mkono juu ya tumbo, chini kidogo ya chembe cha moyo, na hapo ngozi ilikuwa imebaki nyembamba hata mtetemo wa pete ikijibana uliniingia vidoleni. Mama naye alikisikia. Akakirudisha kipande sahanini, akafuta vidole kwa ncha ya leso, akasema, "Alhamdulillahi. Nimeshiba."

"Mama, hujala kitu."

"Nimekula. Wewe hukuona? Hicho wape watoto."

Watoto wenyewe, mabinti wawili wa marehemu kaka yangu, walikuwa wameshakaa mkao wa kula. Mama yao, wifi yangu Havijawa, alijifanya anatafuta kitu kwenye kabati. Hakuna aliyekuwa mbaya katika nyumba ile, na hilo ndilo lililokuwa likinitia wazimu. Ningempata mbaya mmoja ningemtafuna mzima mzima nikapumua.

Ukutani, kisikizi cha Taasisi kikauliza kwa sauti yake ya adabu, "Bi Chausiku, una njaa?"

"Hapana, baba, nimeshiba. Ahsante kwa kuuliza."

Anakiita baba. Kidude chenye ukubwa wa kiberiti! Lakini kimeingia nyumbani kwake, basi kwake ni mgeni, na mgeni haambiwi kwamba mwenye nyumba ana njaa. Sikuwa na haki ya kumcheka, kwa sababu nimelelewa vilevile. Ukifika kwa watu ukawakuta wanakula, umeshiba. Ukiulizwa mara ya pili, umeshiba, hata kama utumbo umeshikamana na mgongo.

Baada ya hapo nilimpeleka bafuni. Nilimbeba kwa mkono mmoja, mkono wa pili nikashika ndoo ya maji, na ndoo ndiyo iliyonichosha.

Mimi ni daktari wa vizibo. Kizibo ni pete ya utando laini inayokaa kwenye mlango wa tumbo na kuishi kwa joto la mwili. Wazee wote wa Tabora hutiwa wakifikisha miaka sitini, bure, kwa sababu mji ulichoka kuzika watu waliokatwa miguu kwa kisukari. Mwili ukikosa chakula kwa kiasi, seli hupata nafasi ya kufagia nyumba yao. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa namna ya kukosa. Kwa hiyo Taasisi ya Uzee Mwema iliwagawa wazee kwa kura. Nusu walipewa kizibo cha Zamu, kinachofunga kabisa kutoka magharibi hadi magharibi ya kesho yake, kisha kinaachia siku nzima mtu ale atakavyo. Nusu ya pili walipewa cha Kipimo, kinachofunguka kila siku na kufunga mtu akifika robo tatu ya kile alichozoea kula. Mama aliangukia Kipimo. Halafu kuna jambo watu wa mbali hawalijui: kizibo hakizimi njaa. Kinazuia chakula tu.

*

Jioni ile mama alinituma kwa jirani yetu Bi Siwema, nimpelekee asali, maana yeye ni wa Zamu na ilikuwa siku yake ya kufunguliwa. Bi Siwema na mama walichezwa unyago pamoja. Mmoja alipoolewa mwenzake ndiye aliyekaa mlangoni kuwa somo wake. Kwa umri hawapishani hata mwezi, lakini ukiwaweka pamoja ungedhani Bi Siwema ni mkwe na mama ni bibi wa mkwe.

Nilikuta nyumba nzima imeketi ikimngoja. Wali umefunikwa, kuku amefunikwa, uji wa ulezi unatoa moshi, na hakuna aliyegusa. Mtoto mmoja alinyoosha mkono, akapigwa kofi mkononi na baba yake. "Bibi kafunga! Bibi kwanza!"

Jua lilipozama, mwanawe mkubwa, mtu mzima mwenye ndevu, aliinuka na birika akamnawisha mama yake. Bi Siwema akanywa uji kwa mkupuo, akavuta paja la kuku, akalitafuna mpaka mfupa ukalia. Hakuna aliyemwona mlafi. Walimtazama kwa fahari, kama vile wote walikuwa wamefunga pamoja naye.

"Na mama yako hajambo?" akaniuliza, mdomo umejaa.

"Hajambo," nikamjibu, kwa sababu ndivyo tunavyojibu.

Nikasimama pale na kibuyu changu cha asali, na jambo lile likanijia lote kwa mara moja. Mtu aliyefunga anaheshimiwa. Anangojewa, ananawishwa, anatangulizwa, hata akiwa mwanamke, hata akiwa na njaa ya kumla ng'ombe na kwato zake. Aliye na njaa tu, bila kufunga, anaona haya. Mama yangu hajawahi kuhesabiwa kuwa amefunga. Anakula kila siku, kwa hiyo kila siku anakula mwisho, baada ya wanaume, baada ya wageni, baada ya watoto, akiwa ameinama jikoni anakwangua ukoko. Hivyo ndivyo alivyokula maisha yake yote.

Na kizibo cha Kipimo, kabla hakijaanza kazi, hukaa mwaka mzima wazi kikijifunza mtu amezoea kula kiasi gani.

*

"Kilijifunza ukoko," nilimwambia Profesa Eliamani Mbwambo asubuhi yake. "Kilikaa tumboni mwa mama mwaka mzima, kikaona ukoko na mchuzi wa chini ya sufuria, kikaamini hiyo ndiyo haja ya mwili wake. Halafu kikakata robo. Tangu hapo kila mwaka kinapunguza kidogo kwa ajili ya umri. Profesa, mlimpunguzia chakula mtu ambaye hakuwahi kushiba."

Profesa Eliamani ndiye mkuu wa Taasisi. Ni Mpare mrefu, mtaratibu, mwenye tabia ya kufuta miwani akitaka kufikiri. Alikuwa anaifuta. Ukutani nyuma yake ilining'inia michoro ya afya ya wazee ambayo angeitangaza Jumatatu. Mstari wa Zamu ulipanda na kutulia juu. Mstari wa Kipimo ulianza nao vizuri kisha ukaporomoka.

"Wanaume wa Kipimo hawajambo," akasema polepole.

"Wanaume waliandaliwa sinia barazani wakala kwanza! Vizibo vyao vilijifunza shibe."

"Na wanawake wa Zamu?"

"Wanafuturu, Profesa. Mwanamke anayefuturu hakuna anayemnyima mnofu. Wewe unadhani umelinganisha kufunga na kupunguza. Umelinganisha mwanamke anayeandaliwa na mwanamke anayekwangua."

Nitamsema kwa haki: hakunifokea wala hakuniita mtoto. "Inawezekana," akasema. "Nitaagiza wapimwe upya. Itachukua mwaka."

"Jumatatu unawahamisha wote wa Kipimo kwenda Zamu."

"Kwa sababu wa Kipimo wanakufa, Daktari. Wewe mwenyewe umeona."

"Mama yangu akifungiwa kutwa nzima hafiki magharibi. Hana akiba. Hana nyama, hana mafuta, moyo wenyewe umeshaanza kuliwa. Mfungulie kwanza. Mfungulie leo, nimlishe kidogo kidogo, hata mwezi mmoja, ndipo umhamishe utakako."

"Aseme ana njaa."

Niliijua sheria ile. Kila daktari wa vizibo anaapishwa kwayo. Kizibo hakifunguliwi ila kwa kauli ya njaa, na kauli haitolewi na mtoto, wala daktari, wala mkuu wa Taasisi. Hutoka kinywani mwa mzee mwenyewe. Profesa ndiye aliyeipigania. Kuna wilaya, mwanzoni kabisa, ambako watoto walipewa mamlaka juu ya vizibo vya wazazi. Chakula kinatolewa kwa mgao siku hizi, na kile mzee asichokila kinabaki kwa familia. Wakawafungia. Si wote, lakini walitosha. Profesa alikwenda kule akakuta wazee wamejikunja kwenye mikeka yao, na watoto wanene wakiapa kwamba ni mapenzi ya wazazi.

"Hatasema," nikamwambia. "Kwake yeye heri avue nguo sokoni."

"Ana akili timamu?"

"Kuliko mimi na wewe."

"Basi anachagua, Daktari Nyamizi." Akavaa miwani. "Inauma, najua. Lakini siku nitakapomruhusu binti mwenye mapenzi amsemee mama yake, kesho yake atakuja binti asiye na mapenzi, na sauti zao zitafanana. Nenda ukamsihi. Neno moja tu, nami nafungua hapo hapo."

Nilitoka bila kuaga.

*

Nilimsihi kutwa nzima. Nilianza kwa upole, nikamweleza habari za moyo na misuli na Jumatatu. Alinisikiliza kama anavyosikiliza hotuba ya harusi. Nikapiga magoti. Nikamwambia nitaacha kazi, nitahama, sitakanyaga tena Tabora. Nikalia. Alinifuta machozi kwa leso ileile anayofutia vidole.

"Mama, ni maneno mawili! Uwe unaniambia mimi, kisikizi kisikie tu."

"Unataka mama yako aseme uongo?"

"Una njaa au huna?"

Akatazama mlangoni kwanza, aone kama wajukuu wako karibu. "Nyamizi. Sikiliza, mwanangu. Nikisema hivyo, nimesema nini? Nimesema Havijawa hanitunzi. Mjane wa mwanangu, hana baba hana mama, ananiosha, ananifulia, halafu mimi niite serikali niiambie ananilaza na njaa? Kesho mtaa mzima utamnyooshea kidole."

"Hakuna atakayesema hivyo."

"Watasema. Mimi ningesema." Akacheka kidogo, na kicheko kikamletea kikohozi. "Halafu mgao. Nikila mimi, hawa wanakula nini? Mdogo anaota meno ya ukubwani."

"Nitawalisha mimi, kwa mgao wangu."

"Na wewe ule nini?"

Tukawa tumefika pale pale. Ukimpa, anakuuliza wewe utakula nini. Ukimwapia kwamba utakula, anakwambia yeye ameshiba. Nakiri kwamba dakika ile nilimchukia. Nilichukia ule upole wake, ile mikono yake iliyokunjwa vizuri mapajani, na hao waliomfundisha kwamba mwanamke mwema ni yule ambaye tumbo lake halisikiki. Nilitaka kumtikisa. Sikumtikisa kwa kuwa angevunjika.

"Nimekula vya kutosha duniani," akasema. "Usinifanye nione haya uzeeni."

Kisha akaomba nimsaidie kujigeuza upande wa ukuta.

*

Kisikizi kina kumbukumbu ya kila kilichosemwa chumbani mwa mzee tangu siku kilipowekwa, na daktari wa kizibo ana ruhusa ya kusikiliza. Siku iliyofuata nilijifungia ofisini nikamsikiliza mama. Nimeshiba, nimeshiba, nimeshiba, alhamdulillahi nimeshiba, usihangaike baba nimeshiba. Sauti ilianza nene, yenye mikwaruzo ya mwanamke aliyezoea kuita watu kutoka upande wa pili wa shamba, ikaendelea kupungua hadi kuwa hii ya leo, ambayo mtu ainame ndipo aisikie. Ningeweza kuchora ule mstari wa Profesa kwa masikio.

Kauli yenyewe hakuwahi kuitoa hata kwa bahati mbaya. Nikaitafuta vipande vipande. "Nina" niliipata siku aliyomwambia Havijawa, nina wageni, ongeza maji kwenye mchuzi. "Njaa" niliipata kwenye hadithi aliyowasimulia wajukuu, ya mwaka wa njaa, jinsi bibi yake alivyochemsha magome akawadanganya watoto kwamba ni nyama ngumu. Sasa nilikuwa na maneno mawili ya mama yangu, yote ya kweli, yote kwa sauti yake. Nikayaunganisha, nikalainisha pale yalipokutana, nikasikiliza.

"Nina njaa," akasema mama.

Niliziba mdomo kwa mkono. Hata mimi niliyeyashona mwenyewe, nywele zilinisimama.

Sikujidanganya kuhusu ninachofanya. Profesa alikuwa amenieleza vizuri, na alikuwa na haki. Sheria ile iliandikwa kuwazuia watu kama mimi, watoto wenye mikono ndani ya matumbo ya wazazi wao. Mama alikuwa na akili zake timamu na alikuwa amekataa. Ningemvua kitu pekee alichobaki nacho, yaani uamuzi wa nini kitoke mdomoni mwake. Tena kuiba kauli ni jela, na uthibitisho hufanywa kesho yake, ana kwa ana, mbele ya shahidi wa mtaani. Kizibo hufunguka papo hapo ili mzee asiteseke akingoja. Lakini mzee akikana, kinafungwa tena kwa muhuri, na kauli yake ya pili haisikilizwi.

Nikajiuliza swali moja tu: baada ya Jumatatu, heshima hiyo niliyomhifadhia nitamkabidhi nani? Liwalo na liwe.

Alasiri mama alikuwa amelala usingizi wa mchana, Havijawa amekwenda kuchota mgao. Niliketi kando ya mkeka, mkono wangu mmoja tumboni kwake, nikaielekeza simu ukutani. Mama akasema ana njaa huku midomo yake imefumba. Taa ya kisikizi ikageuka kijani. "Pole sana, Bi Chausiku," kikasema. "Tunafungua." Na chini ya kiganja changu ile pete ikalegea, taratibu, kama ngumi ya mtoto anayesinzia.

Alipoamka nilikuwa nimeshapika uji mwepesi, nikamwinua, nikamshikia kikombe. Alikunywa kidogo. Nikangoja ule mtetemo, haukuja. Njia ilikuwa wazi mpaka chini. Ilikuwa imebaki anywe tu.

Akarudisha kikombe. "Nimeshiba, mama. Wape watoto."

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba, nikaugonga ukuta kwa kichwa. Nilikuwa nimeiba sauti yake, nimevunja kiapo, kesho wangenifunga, na kizibo kilichokuwa wazi hakikumwongezea hata funda moja.

*

Profesa Eliamani alifika mwenyewe kabla ya adhuhuri. Alimchukua Bi Siwema kuwa shahidi, kwa kuwa ndiye jirani. Havijawa, ambaye hakujua lolote, alikuwa amefanya kile ambacho kila mke wa nyumba hii angefanya akisikia mkubwa anakuja. Amechinja kuku. Alikuwa na kuku mmoja tu, akamchinja, akapika na wali wa nazi, akatandika mkeka mzuri, akaweka ile sahani kubwa yenye maua mbele ya mgeni. Mbele ya mama aliweka bakuli la uji, kama nilivyomwagiza.

"Shikamoo, mama," Profesa akasema, akikunja miguu yake mirefu.

"Marahaba, baba. Karibu. Karibu chakula. Utusamehe, ni cha kimaskini."

"Ahsante, mama. Kwanza nina kazi moja, kisha nitakula." Akavua miwani. Akanitazama, na nilijua kwamba anajua, au karibu ajue. "Mama, juzi binti yako aliniambia hutasema kamwe. Jana alasiri kisikizi kikanipa kauli yako. Umesema una njaa. Nimekuja kukuuliza mwenyewe, mbele ya Bi Siwema. Hakuna atakayekulazimisha. Kama si wewe uliyesema, niambie, na aliyesema atajibu mbele ya sheria."

Havijawa akashika mdomo. Bi Siwema akainamisha macho, kwa haya ya kumsikilizia mwenzake.

Mama aligeuza kichwa polepole akanitazama. Nilitaka kupiga magoti tena, lakini mwili haukunitii. Hakuonekana kukasirika. Aliniangalia namna alivyokuwa akiniangalia zamani nikirudi shule sare imechanika, akipima kwanza kama nimeumia.

"Bi Chausiku," Profesa akasema. "Ulisema una njaa?"

Mama alinyoosha mkono wake, ule mfupa uliovishwa ngozi, ukapita juu ya bakuli la uji, ukashika ukingo wa sahani yenye maua. Akaivuta. Ilikuwa nzito kwake, ikasuguana na mkeka, ikafika. Hakumkaribisha mtu. Hakuomba radhi. Akaingiza vidole kwenye chakula cha mgeni, akala.

Alikula wali, akala nyama, akala ngozi ya kuku. Punje zilimwanguka kidevuni na hakuzifuta. Alikuwa anapumua kwa pua kama mtu anayekimbia, na machozi yalikuwa yanamtoka moja kwa moja hadi kwenye tonge, akala nayo. Bi Siwema alijigeuza uso ukaelekea ukutani. Havijawa alikuwa analia bila sauti. Wajukuu walisimama mlangoni wakimtazama bibi yao wasimtambue.

"Inatosha, mama," Profesa akasema, sauti imempasuka. "Nimeona. Nathibitisha. Inatosha."

Sidhani kama alimsikia. Nami kwanza nilikuwa na furaha, furaha chafu, ya kuona lile koo likipanda na kushuka na kila tonge linapita na hakuna kinachofunga. Nilidhani nimemtungia uongo, na kumbe ule uongo ulikuwa umekaa ndani yake miaka yote ukimla. Kisha udaktari ukanirudia.

Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu hashindiliwi chakula. Sukari ikiingia kwa kishindo, seli huzivuta chumvi zote kutoka kwenye damu, na moyo uliokonda hauna cha kupigia. Anaweza kufa saa ileile, ameshiba, sahani mapajani. Ndiyo maana niliagiza uji. Kizibo kingeweza kumzuia, lakini nilikuwa nimekifungua kwa mkono wangu.

Nikashika ukingo wa sahani. "Mama, basi. Basi kwa leo. Utakula tena jioni, nakuapia, kidogo kidogo."

Akainua macho. Hayakuwa macho ninayoyajua.

"Nina njaa, Nyamizi," akasema. Alisema kwa sauti ya chini, akaniambia mimi, si Profesa wala ukuta.

"Najua, mama."

"Basi niachie."

Nikavuta, naye akavuta. Sikujua kwamba ana nguvu zile. Sijui alizihifadhi wapi. Wali ukamwagika kwenye mkeka, akauokota kwa mkono wa pili akatia mdomoni, huku wa kwanza haujaachia. Nilimwomba. Nikamwomba tena. Mwishowe ilinibidi nimbandue vidole kwenye sahani, kimoja kimoja, watoto wakiangalia.